Difu ya gololi inalia, na nimeikaza mpaka mwisho

*"Fundi, shikamoo. Nina gari la rimoti la kipimo cha 1/10, bagi linalosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Ni la mtumba, mjomba wangu alinitumia kutoka Ujerumani. Nalikimbiza na wanangu hapa Mombasa kwenye uwanja wa mchanga karibu na pwani. Mwanzoni lilikuwa sawa. Nilipotoa mota ya zamani nikaweka isiyo na brashi, kila nikivuta triga linatoa mlio mkali, kwiiik, ndipo linaondoka. Nikakaza skrubu ya difu mpaka ikagoma. Likatulia siku mbili, sasa linalia tena, na nikiizungusha difu kwa mkono inakwaruza kama ina mchanga ndani. Fundi baiskeli wa mtaani kwetu anasema nibadilishe gololi niweke za baiskeli, kisha nijaze grisi ya beringi. Rafiki yangu anasema niimwagie gundi igande kabisa. Mwingine anasema niitupe, ninunue difu ya gia. Nimsikilize nani? Na je, ni kweli kwamba ukikaza skrubu zaidi gari linashika ardhi zaidi?"*

Marahaba, ndugu yangu. Umeeleza vizuri: mlio ulivyo, ulianza lini, ulibadilisha nini, na ile habari ya siku mbili ambayo pengine uliiandika kwa kupita tu. Kwangu hiyo ndiyo iliyonionyesha pa kuanzia.

Nijibu kwanza swali la mwisho, kwa sababu imani hiyo ndiyo iliyoiumiza difu yako, yaani kile kifaa kinachogawa nguvu ya mota kwa magurudumu mawili ya nyuma. Hapana, si kweli. Skrubu ile haikuwekwa ili kuongeza gari kushika ardhi. Kazi yake ni kuzibana pete mbili za chuma na gololi zilizo katikati yake, kwa nguvu ya kutosha zisiteleze mota inapovuta. Ikishafika hapo, kukaza zaidi kunachimba tu vidimbwi kwenye chuma. Na ule mlio ni chuma kinachoteleza juu ya chuma. Kila unapousikia, kuna kitu kinaliwa humo ndani. Kwa hiyo tangu leo usilikimbize tena mpaka uifungue.

Kabla ya kushika bisibisi, fanya jaribio dogo na wanao. Chukua gololi ya kioo, ile ya watoto, iweke katikati ya viganja viwili vilivyonyooka. Sukuma mikono yote miwili mbele kwa pamoja: gololi inakwenda nayo, wala haijizungushi. Sasa peleka mkono wa kulia mbele na wa kushoto nyuma, kwa mwendo mmoja. Gololi inajizungusha, lakini haiondoki mahali pake. Hiyo ndiyo difu ya gololi. Viganja ni zile pete mbili, kila moja imekaa kwenye kikombe chake kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu. Gololi zimekaa kwenye matundu ya gia ya plastiki, na gia hiyo ndiyo inayosukumwa na mota. Gari likienda mbele moja kwa moja, gia inazibeba gololi, nazo zinazikokota pete zote mbili sawasawa. Likikata kona, gurudumu la nje lina njia ndefu kuliko la ndani. Pete moja inatangulia, ya pili inabaki nyuma kwa kiasi kilekile, na gololi zinajizungusha palepale kwenye matundu yake.

Sasa mwambie mwanao aisukume ile gololi kwa kidole wakati umelegeza viganja. Itachomoka na mikono yako haitasogea. Bana viganja, asukume tena: mikono itakwenda na gololi. Kidole hicho ndicho gia, na kule kubana ndiko kazi ya skrubu. Ndani ya difu hii pete hazina meno ya kushikana na kitu. Nguvu yote ya mota inapita kwenye vidoa ambapo gololi inagusa pete, kila kidoa kidogo kuliko punje ya chumvi. Mwingereza Cecil Schumacher, aliyekuwa mhandisi wa mifumo ya gia pale Cosworth, ndiye aliyeuleta ubunifu huu kwenye magari ya rimoti mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mpaka leo bado naustaajabia. Ni chombo chepesi, kisichochezacheza, na kinachokata kona kwa ulaini ambao gia ndogo huwa hazina. Lakini hakivumilii uchafu, wala hakivumilii kuteleza.

Nguvu ambayo difu hii inaweza kubeba inaamuliwa na mambo matatu: imebanwa kiasi gani, gololi ziko mbali kiasi gani kutoka katikati ya pete, na imepakwa grisi gani. Idadi ya gololi haimo. Wengi hushangaa wakisikia hivyo, na wapo wanaotoa nusu ya gololi kwa kudhani difu italegea, au wanaotafuta gia yenye matundu mengi ili ishike zaidi. Msuguano wa jumla unabaki uleule kwa sababu mbano wa skrubu ni uleule. Unachobadilisha ni mzigo wa kila gololi. Ukizipunguza kwa nusu, kila iliyobaki inabeba mara mbili, na shinikizo pale inapogusa pete linapanda kwa takriban asilimia 26. Chuma kinachoka upesi zaidi. Basi jaza matundu yote, kila mara.

Sasa turudi kwenye zile siku mbili zako. Skrubu ya difu imefungwa na nati iliyo upande wa kikombe kimoja, inapita katikati, na kichwa chake kinakaa ndani ya kikombe cha pili. Kwenye kona vikombe hivyo vinazunguka kinyume, kimoja kwenda huku na kingine kule. Maana yake kichwa cha skrubu kinazunguka juu ya kikombe ambacho kinakibana kwa nguvu zote. Ndiyo sababu chini ya kichwa hicho kumewekwa beringi ndogo ya kubeba msukumo: washa mbili nyembamba na katikati yake gololi ndogo sana, za milimita 2 hivi kwenye magari mengi ya kipimo chako. Beringi hiyo ikiwa kavu, ikiingia mchanga au ikishika kutu, kila kona inaishika skrubu na kuisukuma ijifungue. Leo umekaza, kesho kutwa imelegea, na kumbe hukuilegeza wewe.

Kwa hiyo mkwaruzo unaousikia mkononi, mimi naanza kuushuku upande huo. Watu wengi wakisikia difu inakwaruza wanakimbilia pete na gololi kubwa, wanazibadilisha kwa gharama, wanafunga, na mkwaruzo unabaki palepale. Beringi ya skrubu ndiyo kitu kidogo kuliko vyote kwenye difu, na ndiyo inayobeba mbano wote ikiwa na vigololi vichache tu. Ulipokaza mpaka ikagoma, yenyewe ndiyo iliyoumia kwanza.

Sitaki nimvunjie heshima fundi baiskeli wako, maana ushauri wake ni sahihi kwa baiskeli. Beringi ya baiskeli inataka msuguano uwe mdogo kabisa, ndiyo maana inajazwa grisi. Difu yako inataka kinyume chake: gololi zijizungushe bila kuteleza. Grisi ya kawaida ya beringi imetengenezwa makusudi kukata msuguano kati ya vyuma, nawe unauhitaji msuguano huo. Gololi na pete zinapakwa grisi ya silikoni, ile nyeupe au isiyo na rangi inayouzwa kwa ajili ya difu. Silikoni ni mlainishaji hafifu pale chuma kinapoteleza juu ya chuma, na hapa udhaifu huo ndio unaotufaa. Inazuia chuma kukauka na kulika, lakini haikiachi kiteleze ovyo. Nilipoanza, mimi mwenyewe niliijaza difu grisi ya magari nikiamini nimeifanyia wema. Ilikuwa laini mkononi kama siagi. Uwanjani iliteleza kwa kipindi cha betri moja tu, na nilipoifungua nikakuta matundu ya gia yameyeyuka, gololi zinacheza ndani yake.

Beringi ya skrubu ni habari nyingine. Yenyewe ni beringi kweli, inataka ulaini, na hapo grisi nyeusi yenye molibdenamu inafaa sana. Grisi mbili, sehemu mbili, na zisichanganyikane hata kwa kidole. Ukikosa kabisa silikoni ya difu, silikoni safi ya mafundi bomba, ile ya kupaka mipira ya mabomba, inaweza kukuvusha kwa muda. Vaselini usithubutu.

Gololi za baiskeli nazo ziache. Kwanza vipimo. Magari mengi ya kipimo chako yanatumia gololi za inchi 3/32, yaani milimita 2.38; mengine, hasa ya kampuni ya Tamiya, yanatumia milimita 3 kamili. Kwenye baiskeli utakutana zaidi na inchi 1/8, yaani milimita 3.175, na kubwa zaidi ya hizo. Kwa macho, 3 na 3.175 zinafanana. Ndani ya difu zina tofauti ya mbingu na ardhi. Pili ni usawa. Gololi hupewa daraja kwa kadiri zilivyo duara kamili: daraja la 25 lina kasoro isiyozidi sehemu 25 za milioni ya inchi. Gololi za baiskeli za bei rahisi zina kasoro kubwa kuliko hiyo. Ukiweka 12 ambazo hazilingani, zile kubwa mbili tatu zinabeba mzigo wa zote na kuchimba pete, na nyingine zinasindikiza tu. Kwa sababu hiyohiyo usichanganye gololi mpya na za zamani. Ukibadilisha, badilisha seti nzima.

Kuna gololi za chuma cha kromu, za tangsteni kabaidi na za seramiki. Kwa mtu anayekaa kando ya bahari tofauti hii ina maana. Za chuma ni nafuu, lakini hewa ya chumvi inazishika kutu hata gari likiwa kabatini. Kabaidi na seramiki ni ngumu sana na hazina shida hiyo ya kutu. Hata hivyo muuzaji hatakwambia kwamba ugumu huo una bei yake: gololi ikiwa haibonyei hata kidogo, pete ndiyo inayobonyea. Ukiweka gololi ngumu, hesabu pete kama kitu cha kubadilisha mara kwa mara. Kwako wewe ningechagua seramiki, na pete za akiba.

Kuhusu gundi: difu iliyogandishwa ni ekseli moja ngumu. Kwenye mchanga laini gari litakwenda mbele vizuri na litagoma kukata kona, litakuwa linasukuma pua kwenda nje. Kuna magari yanayojengwa hivyo makusudi kwa mashindano ya kuteleza au ya kupanda mawe, ila lako si mojawapo.

Na mota mpya? Hiyo haikuharibu kitu peke yake, lakini iliiweka wazi difu iliyokuwa imeanza kuchoka. Mota isiyo na brashi inatoa nguvu nyingi kwa ghafla pale triga inapovutwa. Gari lako karibu hakika lina klachi ya kuteleza, kwenye ile gia kubwa inayoshikana na pinioni, yaani gia ndogo ya mota. Klachi hiyo imetengenezwa kuteleza. Ina vipande vya kusugua vinavyostahimili joto. Difu haikutengenezwa hivyo. Basi kanuni ya gari zima ni hii: kitu cha kwanza kuteleza kiwe klachi, kamwe isiwe difu. Nadhani uliweka mota mpya ukaiacha klachi imekazwa kama ilivyokuwa, pengine imekazwa mno, na mshtuko wote ukapokelewa na gololi.

Sasa tuifungue. Toa betri kwanza, hata kama unajua umezima. Tandika kitambaa cheupe chenye manyoya kidogo, taulo la zamani linafaa, kwa sababu gololi za milimita 2 zikidondoka sakafuni umezipoteza. Wanao wadogo wakae mbali na meza wakati huu. Gololi hizi zinaingia mdomoni, puani na sikioni kwa urahisi. Fungua skrubu polepole huku umevishika vikombe viwili pamoja, maana kuna springi imejibana upande wa nati na itaruka ukiiachia.

Osha kila kitu kwa spiriti. Kama kuna grisi nzito, tangulia kwa mafuta ya taa kisha malizia kwa spiriti, nje penye hewa na mbali na moto. Zipanguse pete mpaka kitambaa kibaki cheupe. Halafu ziinamishe kwenye mwanga. Utaona mstari wa duara pale gololi zilipopita. Mstari unaong'aa tu ni wa kawaida. Pitisha ukucha juu yake: ukucha ukinasa, upande huo umekwisha. Habari njema ni kwamba pete ina pande mbili, igeuze. Ikiwa pande zote mbili zimechimbika, nunua nyingine. Upande mzuri uukwangue kidogo kwa msasa wa maji namba 600, ule wanaotumia mafundi rangi za magari. Weka msasa juu ya kipande cha kioo ili uwe bapa kabisa, tia maji, zungusha pete kwa kidole kama unaandika namba 8, mara ishirini au thelathini. Unataka uso uliofifia sawasawa, usiong'aa kama kioo cha kujitazamia. Kisha osha tena, kwa sababu unga wa msasa ni adui kuliko mchanga wa pwani.

Gololi ziviringishe juu ya kioo kilekile kwa kidole kilicholowa spiriti. Yenye bapa utaihisi inagonga. Ukiikuta moja, toa zote. Tazama matundu ya gia: kingo ziwe kali na za mviringo. Yakiwa yamepanuka au plastiki imeng'aa kama iliyoyeyuka, gia hiyo haifai tena. Angalia pia beringi ya katikati ya gia, izunguke bila kukwama.

Anza kufunga kwa beringi ya skrubu. Paka grisi nyeusi kwenye washa, panga vigololi kwa kibano, funika kwa washa ya pili, pitisha skrubu. Ukiona washa zimechimbika, usihangaike kuzisugua. Beringi hii ni bei ndogo, weka mpya. Nyuma ya kila pete, pale inapokaa kwenye kikombe, pawe pasafi kabisa. Punje moja ya mchanga hapo inaifanya pete ikae kombo na difu ikaze na kulegea kila inapozunguka. Kisha paka silikoni kwenye kila tundu la gia, kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti tu, bonyeza gololi ndani, paka utando mwembamba juu ya pete, unganisha nusu mbili. Grisi ikifurika nje umeweka nyingi.

Kukaza ndiko kunakotaka subira. Zungusha skrubu kidogo, kisha chezesha vikombe viwili kinyume ili gololi zikae mahali pake, zungusha tena, chezesha tena. Usikaze moja kwa moja kama unafunga tairi. Utafika mahali utahisi springi imejibana yote na skrubu inaanza kuwa ngumu ghafla. Simama hapo, rudisha nyuma sehemu moja ya nane ya mzunguko, sawa na mkono wa saa kutoka 12 mpaka katikati ya 1 na 2. Hiyo nafasi inamaanisha springi bado inapumua. Kama difu yako ina washa za umbo la sahani badala ya springi, usizibane zikawa bapa. Nenda kwa kupima.

Namna ya kupima ni hii. Pitisha ufunguo wa pembe sita kwenye mpasuo wa kila kikombe, zishike funguo mbili kwa mkono mmoja ili vikombe visizunguke, kisha jaribu kuizungusha gia kwa kidole gumba cha mkono wa pili. Isisogee hata ukitia nguvu zako. Ikisogea, ongeza kidogo sana. Ukizitoa funguo na kuchezesha vikombe kinyume, vizunguke laini kama unazungusha kitu ndani ya asali, bila chembe ya mkwaruzo.

Ukishairudisha kwenye gari, pima klachi, betri ikiwa bado nje. Shika gurudumu la nyuma la kulia lisizunguke, na gia kubwa ya mota nayo uishike. Mwanao alizungushe la kushoto mbele kwa nguvu. Iwe ngumu sana. Linapokubali kuzunguka, tazama shafti inayopita katikati ya gia kubwa. Ikizunguka, iliyoteleza ni klachi, na ndivyo tunavyotaka. Ikibaki imetulia, iliyoteleza ni difu: legeza nati ya klachi kidogo, upime tena. Tafadhali legeza klachi kabla hujafikiria kuikaza difu.

Halafu izoeshe. Inua nyuma ya gari, betri ndani, shika gurudumu moja kwa kitambaa, mwambie mtu avute triga kidogo tu, sekunde 30. Badilisha gurudumu, sekunde 30. Kaa pembeni, si nyuma ya tairi linalozunguka, na triga isivutwe mpaka mwisho. Baada ya hapo utakuta mbano umepungua kidogo, kwa sababu gololi zimejitafutia njia yake. Rekebisha, pima upya. Rudia kupima baada ya betri ya kwanza uwanjani.

Sasa yule rafiki wa difu ya gia. Hakukosea. Difu ya gia imefungwa ndani ya kikopo chenye mafuta ya silikoni, haitelezi kwa sababu ina meno, na inaweza kukaa muda mrefu bila kuguswa. Na ukitaka kweli kubadilisha tabia ya gari kwenye kona, hiyo ndiyo inayokupa nafasi: mafuta mazito au mepesi yanabadilisha jinsi magurudumu yanavyotofautiana mwendo. Ya gololi haikupi hivyo; ina kiwango kimoja kizuri, ukipungua inateleza, ukizidi inajila. Ya gololi inashinda kwenye ardhi inayoteleza na mota za wastani, pale ulaini unapokusaidia gari lisiponyoke.

Ningekuwa wewe, ningeijenga hii ya gololi mara moja kwa utaratibu niliokueleza, kwa sababu gharama ni ndogo na wanao watajifunza kitu ambacho hawatakisahau. Lakini mchanga wa pwani na mota yenye nguvu kwa pamoja ni mzigo mzito kwake. Ukiona unaifungua kila wiki mbili, na mtengenezaji wa gari lako anauza difu ya gia inayoingia kwenye boksi la gia lilelile, nunua bila kujilaumu. Isipoingia kwenye boksi lako, usilazimishe kwa kuchonga.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kukusaidia. Kichwa cha skrubu kikiwa kimeviringika na ufunguo haushiki, au skrubu ikiwa imekatika ndani ya kikombe, usiichokonoe kwa koleo. Ni skrubu nyembamba, bado ina springi nyuma yake, na kipande kikiruka kinaelekea jichoni. Mpelekee fundi saa. Ana vifaa na mikono ya kazi hiyo. Vikombe vikiwa vimechimbika pale pete inapokaa, au boksi la gia limepinda hata difu mpya inakaza sehemu moja na kulegea nyingine, tafuta mtu mwenye gari kama lako au fundi wa mashine ya kukerezea alishike kwa mkono. Na chochote kikiingia jichoni, usisugue, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kabla hujampigia mjomba simu, ifungue kwanza. Hesabu matundu ya gia, pima gololi kwa vernia, kile kipimio cha unene, tazama kama matundu ya pete ni ya duara au yamekatwa upande mmoja, na soma jina na toleo la gari chini ya chesisi. Kisha mwombe seti nzima ya gololi, pete jozi mbili, beringi ya skrubu mbili, skrubu na nati yake, grisi ya silikoni na ile nyeusi. Vyote hivyo vinaingia kwenye bahasha moja.